Ndiyo ya Shivachi

Benchi letu lilikuwa mbele ya karakana ya Khaemba, pale Kawangware, mgongo wake ukiegemea ukuta wa mabati wa ploti ya Nderitu, na miguu yetu karibu iingie mtaroni. Jumapili baada ya kanisa tulikaa hapo, na Ishmael alitujia kutoka Kibera na birika lake la shaba, akatuuzia kahawa. Mwaka huo, sabini na saba, kahawa ilikuwa imepanda bei mpaka wenye mibuni wakaanza kujenga nyumba za mawe. Sisi habari hiyo tuliipata kwa ulimi: katika birika la Ishmael tangawizi ilizidi, kahawa ikapungua. Nderitu, mwenye ploti, tulimwita Wakili, kwa sababu alikuwa ameshtaki na kushtakiwa juu ya mipaka ya mashamba tangu siku za mzungu. Omolo alikuwa Redio, maana akishawaka hazimiki. Khaemba alikuwa Sanduku. Alitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni na, mtu akifariki, alitengeneza hayo mengine pia. Mimi nilikuwa mpangaji wa Nderitu, fundi wa cherehani, na katika benchi hilo nilisikiliza kuliko nilivyosema.

Shivachi tulimwita Ndiyo. Alikuwa fundi wa mawe, mtu wa Maragoli, aliyelelewa katika kanisa la Friends, ambako alifundishwa kwamba mtu hana haja ya kuapa kwa sababu neno lake lenyewe linatosha. Hili wengi hufundishwa. Shivachi alilishika. Msimamizi wa mjengo akiuliza ni nani amevunja toroli, na kila mtu akitazama viatu vyake, Shivachi husema, "Ni mimi." Alifutwa kazi hivyo mara moja. Alipofika nyumbani mkewe Kavetsa akamwuliza kama hangeweza kusema tu kwamba liliharibika lenyewe. Akamjibu, "Lakini halikuharibika lenyewe." Kavetsa alinisimulia hayo akicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kimechoka. Katika ploti yetu watu wakigombana juu ya nani ameacha bomba wazi, walisema, "Ngoja Ndiyo arudi." Akirudi, ugomvi unaisha.

Sasa nitaeleza kilichotokea, kwa sababu bila hicho maneno ya benchi hayana maana.

Jumamosi moja katika mwezi wa mvua, Wangoi, yule anayeuza viazi karibu na stage ya matatu, alitia mkono mfukoni akakosa pochi yake. Akapiga kelele. Kijana mmoja alikuwa akipita hapo na brashi za rangi mkononi. Hakuwa mtu wa mtaa wetu. Aliishi Mashimoni, Kibera, na alikuwa amekuja kutafuta kazi ya kupaka rangi. Aliitwa Wekulo, ingawa jina lake tulilijua baadaye. Mtu akamnyooshea kidole. Watu wakamkimbilia, naye akafanya kile mtu yeyote hufanya akikimbiliwa: akakimbia. Akaingia katika ploti yetu, akakuta mlango wa Shivachi uko wazi, akasema, "Baba, nisaidie, wataniua." Shivachi akamwambia, "Ingia." Kijana akajikunja chini ya kitanda, hapo hapo karibu na mlango, na Shivachi akaufunga.

Umati ukafika, ukabisha. Ukauliza, "Ameingia hapa?"

Shivachi akasema, "Ndiyo."

Aliongeza neno, kwamba wasimpige, wampeleke kwa polisi. Hakuna aliyelisikia. Walimtoa wakamuulia uani, mbele ya kamba za nguo. Jioni ile ile Wangoi akaikuta pochi yake chini ya gunia la viazi, mahali alipoiweka kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi siku hiyo nilikuwa nimepeleka suti Westlands. Nilirudi nikakuta ua umemwagiwa maji. Nimeshukuru mara nyingi kwamba sikuwepo, na kila nikishukuru naona haya, kwa maana sijui ningekuwa nimesimama wapi.

Baada ya hapo Shivachi hakuonekana benchini kwa wiki kadhaa. Alienda kazini, akarudi, akafunga mlango. Jumapili ninayoisimulia alikuja mchana, ndevu hazijanyolewa, amevaa nguo za mjengo ingawa haikuwa siku ya kazi. Tulimsogezea nafasi. Ishmael akammiminia kikombe bila kuulizwa. Shivachi akakishika lakini hakunywa.

— Leo sikukuja kunywa, akasema. Nimekuja kuuliza. Nyinyi ndio watu wa kuongea. Niambieni nilikosea ama sikukosea.

 Wakili akakohoa kama mtu anayesimama kortini.

— Sheria haina shida na wewe. Kitu ya kwanza, hukugusa mtu. Mdomo si mkono. Umeulizwa, umejibu. Kile watu walifanya na hiyo jibu, hiyo ni mambo yao.

— Na nikikupa panga, mzee, na ninajua unaenda kukata mtu? akauliza Shivachi.

— Panga ni chuma. Jibu ni upepo tu.

— Upepo gani hiyo, Wakili, inapasua mtu kichwa? Redio akauliza.

— Wewe nyamaza, sijamaliza. Shivachi, sikiza. Tuseme umedanganya. Umesema, "Hapana, amepitia huko nyuma." Sawa. Watu wanazunguka huko nyuma. Na huyo kijana, kwa uoga wake, ametoka na dirisha. Wanakutana naye huko, wanammaliza. Sasa nani amemuua? Ni uongo yako! Ndiyo maana nasema, mtu akisema ukweli, hata mambo ikiharibika, yeye ako safi. Akidanganya, kila kitu inakuja nyuma ni mzigo yake.

Shivachi akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kwa haki hata jambo linalomtetea.

— Ametoka na dirisha gani? akauliza.

— Dirisha ya nyumba.

— Nyumba zako hazina dirisha, mzee.

Tukanywa kahawa. Wakili naye alikunywa, akikitazama kikombe chake ndani. Madirisha ya nyuma yalikuwa kwenye mchoro, lakini aliyaziba ili apate nafasi ya kujenga safu nyingine.

— Mimi sijali sheria, akasema Sanduku. Khaemba alikuwa mtu mkubwa wa mabega, na siku hiyo alikaa ameyainamisha, akichuna maranda ya mbao kwenye suruali yake. — Mimi nasema hivi. Kulikuwa na maneno ya katikati. Ungesema, "Mimi simwoni." Si alikuwa chini ya kitanda? Kweli hukumwona! Hapo umesema ukweli na kijana amepona.

— Hiyo ni uongo imevaa koti, akasema Shivachi.

— Basi ungejibu na Kimaragoli. Nani angeelewa?

— Nusu ya wale watu ni wa kwetu.

— Basi ungesema ndani kuna mgonjwa wa kipindupindu! Wote wangetoroka!

— Lakini hakukuwa na mgonjwa.

— Unaona sasa! Sanduku akampigia kelele. Unaona vile uko? Mtu anataka kukusaidia na wewe unasema hakukuwa na mgonjwa!

Redio akaingilia, kama kawaida yake.

— Tatizo ni serikali. Nisikizeni. Serikali ingetoa uongo kwa kila mtu, kama vile inatoa laiseni. Ukizaliwa, unapewa moja. Moja tu, imepigwa mhuri. Sasa wewe unaiweka kwa sanduku, unangoja siku kama hiyo. Siku ikifika, unaitoa. Mungu mwenyewe akiuliza, unamwonyesha mhuri.

— Na ukishaitumia? nikamwuliza.

— Unanunua ya jirani.

— Basi zote zingekuwa zangu, akasema Wakili, na nusura tucheke. Hawa wapangaji wangeniuzia zao mwezi wa kwanza tu.

Shivachi hakucheka. Redio akamwona, akabadilisha sauti.

— Sawa, nitasema kitu ya maana. Fikiria huyo kijana angeingia kwangu. Mimi nasimama hapo mlangoni, naulizwa, nasema, "Hayuko." Wangeniamini?

— Wewe? akasema Sanduku. Wewe ukisema leo ni Jumapili, tunatafuta kalenda.

— Haya. Wangepekua, wangemtoa. Mimi nimedanganya hii Kawangware mpaka uongo yangu imekwisha nguvu kama betri. Angeingia kwa Wakili, wangepekua. Sanduku, wangepekua. Lakini huyu! Huyu hajawahi kudanganya hata mtoto. Uongo yake ilikuwa mpya kabisa, haijatolewa kwa karatasi. Angesema "hayuko", wale watu wote wangegeuka wakaenda. Hata mimi ningegeuka. Kwa hii mtaa yote kulikuwa na mlango moja tu inaweza kuokoa huyo kijana, na yeye, bila kujua, akaingia hiyo hiyo…

Hapo Redio akasikia alichokuwa akisema. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akizima katikati ya sentensi.

— Sikumaanisha vibaya, Ndiyo.

— Hapana, akasema Shivachi polepole. Wewe umesema vizuri. Hiyo ndiyo kitu sijaweza kulala nayo.

Ishmael alikuwa amechuchumaa kando ya jiko lake, akipuliza makaa. Hakuwa na desturi ya kuingia katika mabishano yetu. Alisema mteja akishinda hoja anasahau kulipa. Siku hiyo aliinua kichwa.

— Kwetu sisi, mtu akikimbia kifo akaingia kwako, damu yake iko shingoni mwako. Unasema chochote. Unadanganya, na Mwenyezi Mungu anajua kwa nini umedanganya.

— Na nani anachagua ni siku gani? Shivachi akamwuliza. Si kwa ubishi; alitaka kweli kujua. — Leo ni damu. Kesho ni aibu. Kesho kutwa ni kodi ya nyumba. Kila mtu anayedanganya ana sababu yake, Ishmael, na kila sababu ni nzuri ukiwa ndani yake. Mimi niliona heri nisichague kabisa. Nikasema, jambo moja katika maisha yangu halitapimwa. Nikiulizwa, nitasema vile ilivyo. Basi.

— Na yule kijana, ulimwambia aingie.

— Nilimwambia.

— "Ingia" si neno pia?

 Nilimwona Shivachi akilipokea swali hilo kama mtu anayepokea mfuko wa saruji begani bila kujiandaa. Hakuwa amelifikiria. Wiki zote hizo alikuwa akijiuliza juu ya neno lake la pili, na kumbe kulikuwa na la kwanza, na lenyewe pia lilikuwa lake, naye alilivunja kabla halijapoa.

— Ni neno, akasema mwishowe.

Akaweka kikombe chini.

— Nitawaambia kitu, halafu mtajua mimi ni mtu wa aina gani. Watu wanadhani nilisimama pale nikapima. Kwamba nilisema moyoni, huku kuna maisha ya mtu, huku kuna ukweli, acha nichague ukweli. Sikupima. Sikufikiria kitu. Mdomo ulijibu wenyewe, kwa sababu tangu nikiwa mdogo nimeufundisha kujibu. Kama vile mkono unapokea nyundo. Na si hayo tu. Niliposema "ndiyo", nilijisikia vizuri. Kidogo tu, kama mtu akipumua. Nilisikia nimeshinda jaribu. Umati wote ule, na sikuogopa, na sikudanganya. Nilijisikia vizuri, Ishmael, na yule mtoto wa watu ananishika suruali kutoka chini ya kitanda.

 Upande wa pili wa barabara kwaya ilikuwa ikirudi kutoka kanisani bado inaimba, na tukangoja ipite.

Nafikiri ni kile kimya kilichomshinda Sanduku. Kuna watu hawawezi kukaa na kimya; wanakipiga teke.

— Lakini kama hungesema, akasema, sisi hatungejua. Hiyo lazima tuikubali. Watu waliuliza tu. Wewe ndiye ulisema.

Shivachi akageuza kichwa akamtazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

— Khaemba, wewe ndiye ulibisha mlango.

— Tulikuwa wengi.

— Mlikuwa wengi. Na ulikuwa na kipande cha mbao ya saiprasi, kimetoka hapa karakana, upande mmoja kimepigwa randa. Wewe ndiye ulimpiga wa kwanza. Hapa, nyuma ya sikio. Wengine walikuja baadaye.

— Watu walikuwa wengi, bwana!

— Baadaye walikuwa wengi. Wa kwanza alikuwa mmoja.

Sanduku alitutazama mmoja mmoja akitafuta atakayemsaidia. Wakili alikuwa akikagua kucha zake. Yeye ndiye aliyesimama getini siku ile akiwazuia watu wasiharibu mabati yake. Redio alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye pia alirusha jiwe, lakini hajui kama lilimpata. Hakuna aliyemwuliza.

— Nilidhani ni mwizi, akasema Sanduku.

— Na kama angekuwa mwizi? akauliza Shivachi.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tumekaa alipofika yule mwanamke.

Alitoka upande wa stage, na mfuko wa sisali begani na viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, kitambaa cheusi kichwani. Akasimama mbele ya benchi akatusalimu kwa adabu ya watu wa mashambani, mmoja mmoja, akitupa mkono.

— Mulembe, wazee.

— Mulembe, akajibu Sanduku. Aliitikia kabla hajajua anaitikia nini, na mwanamke yule aliposikia ile lafudhi uso wake ukafunguka.

— Baba ni wa kwetu? Wa wapi?

— Kimilili.

— Sisi ni Kamukuywa! Hapo tu! Basi nimefika kwa ndugu. Naitwa Sella. Ninatafuta mtu anaitwa Shivachi. Wanasema pia mnamwita Ndiyo.

— Ni mimi, akasema Shivachi.

Sella akaweka mfuko chini. Akavaa viatu vyake kwanza, kana kwamba maneno aliyokuja nayo hayafai kusemwa miguu mitupu.

— Mimi ni dada ya Wekulo, akasema.

Redio akasimama akampa nafasi yake. Alikaa kati ya Shivachi na Sanduku, kwa maana hapo ndipo palipokuwa wazi. Ishmael akamletea kahawa, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka magotini.

— Tumetoka nyumbani juzi. Kule Mashimoni walituambia alikuja huku kutafuta kazi. Mochari tulienda, tumemwona. Kwa chifu nilienda pia. Aliniambia umati hauna jina. Lakini yule mama wa viazi aliniambia, "Nenda kwa Ndiyo. Yeye alikuwa hapo, na huyo mtu hajawahi kudanganya." Ndiyo maana nimekuja kwako, baba. Wengine sitaki kuwauliza.

— Uliza, akasema Shivachi.

— Aliingia kwako?

— Ndiyo.

— Alikuwa ameiba?

— Hapana. Hakuiba kitu. Pochi ilikuwa kwa mwenyewe.

Sella akatikisa kichwa polepole. Nilidhani atalia, lakini machozi yake nadhani yalikuwa yameisha njiani.

— Wewe uliwaambia yuko ndani?

— Ndiyo. Ni mimi niliwaambia.

 Sella akafanya kitu nisichokitarajia: akamgusa mkono, mara moja, akauachilia.

— Basi ni kweli hudanganyi, akasema. Sasa niambie hii moja. Nani alimpiga wa kwanza?

Nilisikia benchi likilia, kwa maana Sanduku alikuwa amehama uzito. Hakuinuka. Alikuwa ameshika goti lake.

— Kwa nini unataka kujua, mama? akauliza Ishmael.

— Si mimi. Ni wajomba wetu. Wawili wako hapo stage. Niliwaomba wasije mpaka hapa, nikawaambia nitaenda mimi, wanawake hujibiwa. Wameapa mbele ya mama. Wanataka jina moja tu. Wale wote hawawezi kuwapata, lakini wa kwanza wanamtaka. Mimi nimewaambia warudi nyumbani, tuzike mtu wetu, lakini wanasema damu haiwezi kurudi peke yake. Wamebeba kitu kwenye gunia. Sijauliza ni nini.

Akamgeukia tena Shivachi.

— Baba, wewe uliona.

Ilikuwa ni ule mlango tena. Sote tuliona, hata Redio. Mtu anauliza, nyuma yake kuna wengine wanaongoja na silaha, na mwenye kutafutwa yuko hapa, karibu kiasi cha kusikika akipumua. Tofauti ni kwamba sasa muulizaji alikuwa na haki yote, na aliyefichwa hakuwa na yoyote. Mchana mzima tulikuwa tumemwambia Shivachi kwamba angedanganya. Tulikuwa tumemfundisha njia zote. Na sasa hakuna hata mmoja wetu aliyejua tunamwombea aseme nini. Au labda tulijua. Nilijitazama nikajikuta namtazama Khaemba, nikifikiria watoto wake, na papo hapo nikafikiria yule aliyelala mochari, nikaona fikira zangu hazifiki mahali.

 Jasho lilikuwa limemtoka Shivachi juu ya mdomo. Niliona ulimi wake ukitafuta mahali pa kushika.

— Sikuona, akasema.

— Hukuona?

— Walikuwa wengi. Na mimi nilikuwa… nilikuwa nimefunga macho.

Alisema vibaya. Mtoto angemjua. Hakuwa na mazoezi. Neno lilitoka limepinda, na macho yake yakakimbilia mtaroni. Lakini Sella alikuwa amekuja kwa kuliamini jina la Shivachi, si kwa kuusoma uso wake, na jina lilitosha.

— Basi, akasema, akapumua. Kama wewe hukuona, hakuna aliyeona. Nitawaambia hivyo. Watabisha, lakini nikiwaambia ni wewe umesema, watarudi.

Sanduku akainuka ghafla. 

— Dada, mimi ni fundi. Nitamtengenezea sanduku. Mbao nzuri. Sitaki shilingi.

Sella naye akasimama. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, ule wa kuume, akaupa heshima kwa kuinama kidogo.

— Mungu akubariki. Nilijua nikifika mahali kuna mtu wa kwetu, sitarudi mikono mitupu.

Khaemba aliuacha mkono wake hapo. Sijui aliwezaje.

Alipokuwa akifunga mfuko wake, Sella akakumbuka jambo. Akatugeukia wote.

— Wajomba ndio wanataka kujua ni nani, akasema. Mama hakuniuliza hivyo. Mama aliniuliza ni kwa nini. Wazee, nikifika nimwambie nini?

Alingoja. Alingoja kwa heshima, mikono imeshikana mbele, kama mtoto aliyetumwa kwa watu wazima na anajua watampa jibu la kubeba. Wakili, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alitazama mabati yake. Redio alikuwa ameshika kofia. Ishmael alinyanyua birika, akalitikisa, akalirudisha juu ya jiko lake ingawa halikuwa na kitu. Mwishowe Sella akaona hatuna. Akatuaga mmoja mmoja, akavua viatu, akashika njia ya stage.

Khaemba akangoja mpaka Sella akapotea kwenye kona.

— Asante, ndugu yangu, akasema.

— Usinishukuru, akasema Shivachi. Sikufanya kwa ajili yako.

— Kwa ajili ya nani, basi?

Nilimwona akitafuta kwa bidii jibu la kweli, vile alivyozoea.

— Sijui, akasema. Yule niliyepaswa kumfanyia alikuwa ndani ya nyumba yangu.

Akaondoka. Hakurudi benchini tena. Sanduku lilitengenezwa, la saiprasi, na wajomba wawili walikuja kulichukua Jumanne wakamshukuru fundi sana. Khaemba alilala siku tatu akisema ana malaria. Baadaye alirudi kazini, na bado yuko, ila masanduku ya wafu hatengenezi, huwatuma watu Dagoretti Corner.

Mwezi uliofuata Shivachi na mkewe walihamisha vitu vyao kwa mkokoteni, wakarudi Maragoli. Nilimsaidia Kavetsa kufunga sufuria. Nikamwuliza mzee anaendeleaje. Aliniambia haumwi, anakula, analala kidogo. Ila siku hizi, akasema, ukimwuliza kitu chochote, hata kama ameoga, hata kama mvua inanyesha, anakutazama kwanza muda mrefu, na wakati mwingine mvua inaacha kabla hajajibu.